Salamu Nilizozipiga Marufuku

Mwaka tisini na mbili nilikuwa nafundisha watu waliojitolea kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani, hapa mtaani Nyamirambo, namna ya kutunza siri. Kwa ujuaji wangu nikawaamuru: mkikutana na mgonjwa wetu njiani, msimsalimie, watu wasije wakauliza mmejuana wapi. Wakatii, na heri wangekuwa wakaidi. Mtaa huu mtu anamsalimia hata aliyegombana naye asubuhi, nami mzaliwa wa hapa nikalisahau hilo. Haikupita wiki, kila tuliyempita kimya akajulikana ni mgonjwa.

Ijumaa, mbele ya msikiti, fundi cherehani mmoja tuliyekuwa tukimhudumia akanishika mkono.

“Mwalimu, leo salimia mimi kwa nguvu, hawa wote wasikie. Watu hawaleti tena nguo kwangu.”