Pakiti Zilizoshiba

Mpimaji wa kiwanda cha unga hakujua kutulia. Hata chakula alikula kasimama, mpaka mama mkwe wake akambatiza Kiguu na Njia. Na wiki hii alikuwa na sababu: wateja walilalamika kwamba pakiti za kilo moja zinapunjwa, na mwendesha mashine ya kujaza alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, anayelea watoto peke yake. Ikithibitika, kazi hana.

Pakiti zote hazipimiki, zinatoka maelfu. Hivyo huchota sampuli na kutafuta wastani, lakini kabla ya kugusa mizani hutamka mpaka wake.

"Tunaanza kwa kuamini mashine inajaza kilo kamili," alimwambia meneja, wifi akisikia. "Wastani ukishuka chini ya gramu mia tisa tisini na tano, hiyo si bahati mbaya tena. Tunaikataa dhana na mashine inazimwa."

Mgongo ulimuuma, akamwomba wifi ampitishie pakiti. Wastani ukatoka mia tisa tisini na saba.

"Si umeona? Mashine yangu nzima!"

"Sijasema nzima. Nimesema sijapata ushahidi wa kuikataa."

"Wewe nawe, huishiwi maneno!"

Mpimaji akaizunguka meza, akarudi, akazunguka tena. Pakiti za mashine hutofautiana, hii nzito, ile nyepesi. Hizi zililingana mno.

"Wifi, ulizichukuaje?"

"Nilikuchagulia zilizoshiba," wifi akajibu bila hila, kama anayemchagulia mgeni kipande kinono. "Mikono yangu inajua uzito, ati."

Hasira na huruma vikampanda kwa pamoja. "Kwa hiyo zenye njaa ulizijua."

Wifi akainamia mashine yake.

Mpimaji akachota upya, mwenyewe, kwa kura. Mia tisa tisini na mbili. Mungu amsamehe, alitamani kuusogeza mpaka kidogo tu, au kuchota tena na tena hadi itoke nzuri. Lakini mpaka aliutamka kwa kinywa chake, mchana kweupe.

"Mimi ni wifi yako," wifi akasema.

"Najua. Ndiyo maana sikuitazama mikono yako ulipochagua."

Akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikazima, na wifi akaanza kufungua aproni yake bila kuambiwa.