Godoro Langu na Neno la Waswidi

Godoro langu la usufi alinishonea mama kwa harusi yangu, Unguja. Nimelivusha mpaka Maskati, na kila mwaka nnalifumua, nnauanika usufi juani, nnaupiga fimbo, kisha nnalishona tena.

Mjukuu wangu wa kiume halipendi. Ijumaa moja alikuja kwangu, mtaa wa Wattaya hapa Maskati, na pikapu, nyuma amepakia godoro jipya la springi. Kaja na mkewe, msichana wa Kiswidi, nnayempenda kuliko nnavyomwonyesha.

"Bibi, hili lishakufa. Leo nnalitupa."

"Nitupe mimi kwanza."

Mkewe akalibonyeza kwa kidole. "Kwetu tunasema *madrass*."

"Na neno hilo mmelitoa wapi?" nikamuuliza, maana nilitaka maneno yawe marefu na pikapu isahauliwe.

Akatafuta kwenye simu yake, akaanza kucheka. Kumbe Waswidi walilipata kwa Wajarumani, Wajarumani kwa Wataliana, na Wataliana kwa Waarabu: *matrah*, mahali pa kutupia kitu, tandiko la kulalia. Matrah! Jina lilelile la mji hapo chini, nnakonunua uzi wa godoro langu. Neno limezunguka dunia nzima, limekuja kunisalimia chumbani.

"Basi Bibi, hata neno lenyewe linasema litupwe!" mjukuu akadakia.

"Litupwe chini, mtu alale. Mwache mkeo aamue. Ajinyooshe hapo baada ya chakula. Akiamka kabla ya adhana ya alasiri, lichukue."

Wakakubali. Nikaingia jikoni. Nilimpakulia yule msichana wali wa nazi na samaki, nikamwongeza, nikamwongeza tena. "Kula, mwanangu, umekonda." Halwa nikampa. Kahawa nikamwambia imekwisha, na dele la kahawa limejaa nyuma ya gunia la mchele. Kisha nikavuta mapazia.

Adhana ililia, yeye anakoroma. Mumewe akamtikisa mguu: "Amka, tunashindwa!" Akageukia ukutani. Godoro la springi likarudi lilikotoka.

Alipoamka aliuliza kama Matrah wanauza usufi, naye anataka lake.

"Ntakushonea," nikasema, nikammiminia kahawa.

"Si ulisema imekwisha, Bibi?"

"Nimechemsha nyingine."

Akapiga funda moja, akanitazama. Ilikuwa baridi kama maji ya mtungi.