Sahani ya Baba

Wiki jana, kwenye soko la mitumba la Jogoo Road, niliona sanamu ya mbao ya mchimba migodi aliyeshika mishumaa miwili. Papo hapo nikasikia harufu ya ndengu za Mama.

Mama alikuwa mpishi wa bibi mmoja Mjerumani, aliyempa sanamu kama hiyo. Kwao bibi huyo, kwenye milima ya migodi, mkesha wa Krismasi huliwa vyakula tisa, sahani moja ya ziada huwekwa mezani, na hakuna anayeinuka mpaka wote washibe. Mama aliileta desturi hiyo kwetu, mtaa wa Mbotela. Alasiri ya mkesha mmoja, nikiwa mtoto, alihesabu vyake tisa: chapati, ndengu, kabichi, hata chumvi aliihesabu.

Baba alikuwa kazini Mombasa. Niliamini sahani ile ni yake, na kwamba mmoja wetu akiinuka, Baba hatafika.

"Nataka kukojoa," alilia Kamau, mdogo wangu.

"Kaa hapo! Unataka Baba asikuje?"

Mama aliendelea kupakua ndengu.

Hodi ikapigwa. Nikajua ni Baba. Kumbe ni Mama Achieng, jirani, akiomba kiberiti.

"Keti tule," Mama alimwambia, akamsogezea ile sahani.

"Hiyo ni ya Baba!" nikaangua kilio.

"Ni ya yeyote atakayepiga hodi," Mama alinieleza polepole. "Na huko aliko Baba, naomba awepo aliyemwekea yake."

Leo najua kwamba Mama naye alikuwa akiutazama mlango. Siku ile nilifuta kamasi tu, nikaitoa chapati kubwa niliyokuwa nimemfichia Baba, nikamwekea Mama Achieng.