Koki ya Mtungi wa Fundi Mawe

Kila asubuhi, kabla hajamgusa mgonjwa yeyote, Sista Polepole alisimama mlangoni mwa wodi, akafumba macho, akasikiliza. Wodi ile ilikuwa ya vifua vilivyochakaa kwa vumbi, moshi na sigara, visivyoambukiza mtu wala kupona. Na kila kifua kilikuwa na sauti yake. Mwokaji mikate alitokota kama birika linalokaribia kuchemka. Fundi Mawe, aliyeishi kwa kupasua kokoto, alipiga mluzi mwembamba. Akishawasikia wote, ndipo aliingia.

Jina lile walimpa wagonjwa wenyewe. "Polepole, baba. Vuta kwa pua. Sasa toa kama unapoza chai. Polepole." Aliwainamisha juu ya mto, akawasugua mgongo mpaka makohozi yakalegea. Aliyetoka akitembea alirudi amebebwa, na sista alikuwa amekwisha kuzoea kutowaambia kwaheri.

"Sista," Fundi Mawe alisema siku moja, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "nimepasua mawe... maisha yangu yote. Sasa yenyewe... yananipasua mimi."

"Nyamaza wewe!" mkewe akamkemea. "Hewa huna, maneno unayo!"

Mama huyo akacheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye koki ya mtungi wa oksijeni. Aliitazama kama mwenye njaa anavyotazama sufuria la jirani.

"Mwanangu," alimwambia sista, "mtungi umejaa na mtu anatapatapa. Kwa nini unambania?"

"Simbanii, mama. Mapafu yake yamechoka. Ukiyamwagia hewa nyingi yanalegea, yanasahau kupumua. Hii kidogo ndiyo inayomweka hai. Tafadhali usiiguse."

"Haya," alisema mama. Lakini yaliingia sikio hili yakatokea lile. Hewa nyingi imuue mtu anayekosa hewa? Nani atakubali hilo?

Basi asubuhi moja sista akasimama mlangoni, akafumba macho, asisikie mluzi. Aliingia mbio. Alimkuta mama amekaa kando ya kitanda, kidole mdomoni, anatabasamu.

"Shh! Usimwamshe. Tangu tuje hapa sijamwona amelala hivi!"

Fundi Mawe alikuwa ameloa jasho, mikono ya moto. Pumzi moja ilikuja, kikapita kimya kirefu, ikaja nyingine. Koki ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Sista aliipunguza, akamwita, akamtikisa, akamsugua kifua kwa vifundo vya ngumi. Daktari alikuja mbio. Wagonjwa wengine walipoletewa chai, Fundi Mawe alikuwa amefunikwa uso.

Sista alimweleza daktari habari ya koki pembeni, kwa sauti ya chini. Daktari alikuna kichwa. "Mwache mama azike kwanza," alisema.

"Hakuhangaika, si ndiyo?" mama alimuuliza sista, amemshika mkono. "Amekwenda kwa raha?"

"Hakuhangaika, mama."

Yaliyobaki aliyameza. Aliona ni huruma.

Walipokwisha kuzika, mama alirudi kuchukua beseni na blanketi. Sista alikuwa upande wa pili wa pazia, anamfuta mgonjwa. Akamsikia mama akimnong'oneza mkaza mwana wa Mwokaji.

"Nikupe siri, mwanangu. Mzee wako akikosa usingizi, mfungulie hicho kitu. Hawa manesi wabahili tu. Mimi nilimfungulia wangu, akalala kama mtoto mchanga. Akaondoka hivyo hivyo, hana hata shida."

"Kweli, mama?"

Sista alichungulia. Mkono wa binti huyo ulikuwa tayari kwenye koki ya mkwewe.

"Acha!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Hata vikohozi vilikatika.

"Mama, nisamehe," sista alisema. "Hakuwa amelala. Ile hewa ndiyo..."

"Ndiyo nini? Malizia."

"Ndiyo iliyomwondoa."

Mama alisimama na beseni lake. "Si uliniambia hakuhangaika?"

"Hakuhangaika, mama."

"Kwa hiyo ni mimi."

Sista alitaka kusema kwamba mapafu yenyewe yalikuwa yamekwisha, kwamba alifanya kwa mapenzi, kwamba wengi wangefanya vile vile. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomtoka. Mama aliliweka beseni sakafuni taratibu, kama limejaa mayai, akakaa kwenye kitanda kilichokwisha kutandikiwa mtu mwingine. Hakulia. Afadhali angelia. Mkaza mwana aliuondoa mkono kwenye koki, akaukalia.

"Sista," Mwokaji alisema kwa shida, "si ungemwachia... akaenda zake?"

"Halafu wewe je, baba?"

Mwokaji akageukia ukutani.

Sista alihakikisha koki yake iko pale inapotakiwa. Alimpelekea mama maji, mama hakuyapokea. Akasimama mbele yake muda, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kisha akavua aproni, akaitundika msumarini, akamkabidhi mwenzake funguo za kabati la dawa.

"Nakwenda mara moja," alisema.

"Usikawie, zamu ni ndefu hii."

Alipita uani walikoanikwa mashuka, akapita getini, hakugeuza shingo. Mwenzake alimfunikia chai. Ikapoa, ikamwagwa. Kesho yake aproni ile ilivaliwa na nesi mgeni, akaambiwa aikunje kiunoni maana mwenyewe alikuwa mrefu.