Hewa Haikutosha Kulia

Mume wangu alikuwa mpagazi. Kwa miaka kadhaa alibeba mizigo ya watalii hadi karibu na barafu ya Mlima Kenya, na mimi nikabaki nyumbani, kitongoji cha Skuta, nikishona sare za shule, nikiuona mlima dirishani asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Alifia huko juu. Wenzake walituletea mwili, wakasema mapafu yalijaa maji, tukamzika kwao Kiganjo. Februari iliyofuata, mwaka wa zile mvua za El Nino, nilimwomba mdogo wake, mpagazi mwenzake aliyekuwa naye siku ile, anipeleke nikapaone mahali penyewe.

"Shemeji, huko hakuna kitu ya kuona," alisema.

"Kama hakuna kitu, basi hakuna cha kunificha."

Tulilala kwenye vibanda vilivyo mwisho wa msitu, na kulipopambazuka tukaanza kupanda. Mbele yetu kinamasi kiliinuka kama ukuta, nyasi zikiwa mafungu mafungu, na katikati yake tope jeusi ambalo baridi yake ilipenya mabuti ya mpira na soksi mbili. Lilinyonya mguu, kisha likauachia kwa mlio wa ndama aliyenyang'anywa chuchu. Vichaka vilinukia kama dawa ya kifua.

Jua lilipochomoza lilinichoma shavu moja huku la pili likiwa limekufa ganzi. Hilo mume wangu alikuwa amenisimulia. Nilikuwa napiga pasi, yeye anakausha soksi jikoni, akasema kwamba huko juu jua linakuchoma na baridi inakuuma kwa wakati mmoja. Nilimcheka. Sasa niligeuka nimwambie kumbe ni kweli. Nyuma yangu kulikuwa na nyasi tu, na upepo.

Bondeni, ng'ambo ya kinamasi, palikuwa kimya hata nikasikia damu yangu masikioni. Kijito kililia kama vijiko ndani ya beseni, chini ya barafu nyembamba. Kichwa kiliniuma juu ya macho. Shemeji akachemsha chai. Ilitokota upesi, lakini niliinywa papo hapo bila kuipuliza, maana huko juu maji huchemka kabla ya kuwa moto sana. Nduma ya kuchemsha niliyobeba kutoka nyumbani haikuwa na ladha yoyote. Nilitafuna kwa sababu alinitazama.

Halafu tukafika kwenye mwamba mkubwa, chini yake pakavu, pana masizi ya moto wa zamani na mavi ya pimbi.

"Ni hapa," akasema.

Niliweka kiganja juu ya jiwe. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilifungua kinywa, kwikwi ikaja, ikakatikia njiani, maana hewa haikutosha. Nikakaa chini nikihema kama mbuzi aliyefukuzwa.

"Alisema nini mwishoni?"

Shemeji akachuchumaa karibu na masizi. "Alikuwa amechanganyikiwa. Alidhani amefika nyumbani. Alikuwa anakuita wewe, ati umvue viatu."

Nyumbani hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kila safari alirudi vidole vimevimba kwa baridi, hakuweza kufungua kamba.

"Na nyinyi?"

"Tulikataa. Kulikuwa na baridi sana, shemeji. Tulimwambia angoje kidogo." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Akangoja."

Nikamvuta, akaegemea bega langu, mwanamume mzima mwenye ndevu. Wao walimfanyia lililokuwa sawa, na mimi, kama ningekuwapo, nisingeweza kumkatalia.

Tulianza kushuka. Kilio kilinipata kwenye mianzi, hewa ilipokuwa nzito tena na yenye harufu ya majani yaliyooza. Nililia kwa sauti, nikitembea, pua ikinichuruzika. Shemeji alitangulia, na kila kona alisimama kuningoja bila kugeuka.

Kiganjo, mama mkwe alikuwa ametuwekea uji wa moto. Alinivua kitambaa cha kichwa kilicholowa, akanitazama macho yaliyovimba, akauliza kama kule kweli kuna baridi kama watu wanavyosema.

"Si sana, mama," nikamjibu.