Hoteli Iliyofiwa na Karanga

Hoteli yangu pale Nachingwea ilikuwa na sufuria moja kubwa, mabenchi manne yaliyoelekea barabarani, na kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni. Saa sita kamili mchana nilikigonga kwa nati ya trekta, na vibarua wa mashamba ya karanga walikuja mbio kama wameambiwa nyumba inaungua. Ugali na maharage. Hakuna aliyeuliza kuna nini kingine, kwa sababu hakikuwepo. Nilihesabu bakuli kabla ya chakula na baada ya chakula, arobaini kwenda, arobaini kurudi. Siku zilizorudi arobaini na moja sikusema kitu.

Tulikuwa watatu. Mimi ndiye mwenye hoteli, maana yake nilikaa mlangoni. Mke wangu alichota maji, alichambua maharage na kufagia. Mpishi alikuwa Mngoni wa Songea, aliyekuja kung'oa visiki na baada ya siku mbili akaona jiko lina kivuli zaidi. Mimi ni Mmwera, kwa hiyo tulikuwa watani. Babu zake waliwavamia babu zangu, na sisi wajukuu tukabaki kutukanana kwa upendo. Mtani akikutukana mbele za watu, huna ruhusa ya kukasirika. Akikunyang'anya kitu, unakikomboa kwa mapatano, nawe unacheka hata kama meno yanauma.

Kisha mradi wa mashamba yale ya karanga ukafa. Matrekta yakanyamaza, vibarua wakapanda treni na malori wakarudi kwao. Mimi niliendelea kugonga reli saa sita kamili. Siku ya kwanza walikuja tisa. Siku ya pili wanne. Siku ya tano alikuja mbwa, naye hakukaa.

Habari zikafika Malolo kwa baba mkwe wangu. Akatuma mtu: "Mwambie mkwe wangu mikorosho inamngoja, na jembe nimeshalitia mpini. Gulio lijalo likipita, siku saba baadaye nakuja. Nikiikuta hoteli imekufa, tutabomoa, tutauza fito, nitawachukua wote wawili." Nililijua shamba lile. Mawe yake nilishayahesabu mara mbili wakati wa posa, nilipopelekwa kulima, na mara zote mbili yalinishinda.

Asubuhi ya gulio, lile soko la kila wiki, nilitoka nje nikakuta sufuria yangu imelazwa kwenye mkeka kando ya barabara, imefunikwa shuka jeupe. Mtani wangu amejitupa pembeni yake, analia kwa sauti.

"Ndugu yangu! Umekufa mdomo wazi!"

Watu wakajaa. Wanawake wa Chiola, waliokuwa wakipeleka ufuta sokoni, walisaidiana kutua mizigo yao ili walie vizuri.

"Marehemu aliugua nini?" mmoja akauliza.

"Saa sita, mama. Ilimshika kila siku, saa ile ile, mpaka ikamwua."

"Na mrithi wake?"

"Yule pale mlangoni. Anasubiri karanga zifufuke."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mmoja mnene akapangusa machozi, akaniambia, "Mwenye hoteli, hiyo sufuria yako ilikuwa na kiburi. Sisi tunatoka Chiola alfajiri, hatujala, tunapita hapa kila gulio. Ilishatuita? Na hata ingetuita, tungekaa kwenye hayo mabenchi, tutafune huku wanaume wa barabara nzima wanatuhesabia matonge?"

Mimi nilisikia tusi. Mtani wangu, aliyelala chini kama maiti wa pili, kumbe alikuwa anasikiliza.

Akainuka, akakitungua kipande cha reli, akakikalia. "Maziko hayaendelei mpaka hiki kikombolewe. Majogoo wawili."

Hapo akawa amenigusa penye utaalamu wangu. "Hata unyoya hupati," nikasema.

"Jogoo mmoja."

"Nimesema unyoya."

"Basi nipe jiko. Siku kumi. Nipike nitakacho, saa nitakayo, na wewe usiguse hata mwiko."

"Saba!"

"Saba," akajibu, upesi mno.

Anayekubali upesi ameshakula kabla yako, hilo nalijua tangu utoto. Lakini umati ulikuwa unanishangilia: nimemtoa mtu kwenye majogoo wawili mpaka kwenye bure! Nikainua mikono kama aliyeshinda uchaguzi.

Kesho yake alfajiri nikamkuta anang'oa fito za ukuta wa nyuma. Mke wangu alikuwa uani, anasimamisha ua wa mabua na kutandika mikeka. Mabenchi yalishapandishwa mawili mawili, yakafika kimo cha bega, ili mwanamke atue mzigo bila kumwomba mtu msaada. Sufuria ilikuwa na uji wa mtama uliotiwa karanga, na jua bado halijatoka.

"Na mimi?" nikauliza.

Mke wangu alinitazama, akamtazama mpishi. "Wewe una mabega," akasema, akanipa madebe mawili na mti wa kubebea.

Siku za kwanza walikuja wanawake wachache, wanaopita kwenda dukani. Bei ilikuwa konzi mbili za ufuta kwa bakuli. Niliona mikono yao midogo nikadai konzi ya tatu. Mke wangu akaniuliza kama kisima kimehamia hapa. Nikaenda zangu.

Siku ya saba, siku ya gulio, baba mkwe akafika mapema. Aliingia kwa mlango wa mbele, hakukuta mtu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyetabiri sawasawa. Ndipo aliposikia vicheko vya nyuma. Alizunguka, akakuta ua umejaa wanawake, mabenchi yamejaa mizigo, na binti yake katikati anaamuru.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kisimani, baba. Na amechelewa."

Nikatokea na madebe yangu, jasho mpaka visigino. "Shikamoo, mzee."

Alinitazama kutoka miguuni kwenda juu, kisha akarudi chini kuhakikisha. "Marahaba. Kumbe anabeba?"

"Anabeba," mke wangu akasema.

"Basi mwache hapa hapa. Malolo alikuwa anakaa tu." Akageukia ukutani, kwa heshima, akanywa bakuli mbili.

Jioni mtani akanirudishia kipande cha reli. "Siku saba zimekwisha. Jiko lako. Gonga."

Nilikishika. Nikawauliza, nikigonga saa sita, atakuja nani? Mke wangu alikuwa anahesabu bakuli, tena mara moja tu, na zilikuwa kamili. Nikakiweka chini, nikauliza kesho wanataka madebe mangapi.

Baadaye wao wawili wakaamua tujaribu na gulio la Ruangwa. Nikapandishwa lori pamoja na sufuria na mikeka. Nilitandika, nikawasha moto, nikakoroga. Mama mmoja akatua ufuta wake, akaonja, akakunja uso.

"Mwenye hoteli ni wewe?"

"Hapana, dada. Wenyewe wako Nachingwea. Mimi nimetumwa."

"Ukirudi waambie," akasema, akisogeza bakuli niongeze, "safari ijayo watume anayejua kukoroga."