Chaneli Iliyokuwa Ikikonyeza

Mjini kwetu baba yangu wanamwita Mzee Chenga. Yeye ndiye fundi wa mtambo wa televisheni kule kilimani, na kila picha ilipoharibika, zile chenga nyeupe zikajaa kwenye kioo katikati ya mpira, watu walimtaja yeye, na hawakumtaja kwa wema. Kwa miaka thelathini na moja alipanda Jumatatu asubuhi akashuka Ijumaa jioni. Nilikuwa msichana mkubwa kabla sijajua kwamba kuna watoto wanaomwona baba yao siku ya Jumatano.

Kule juu simu haishiki. Mnara mrefu kuliko kitu chochote upande ule, na aliye chini yake hawezi kumpigia hata mkewe. Jambo hili limenikera tangu nikiwa shuleni, na bado linanikera.

Mwaka niliozaliwa, gari la kazini lilipinduka mteremkoni wakati wa mvua. Dereva alifariki. Mama yangu alikaa siku mbili, mimi mgongoni, bila kujua kama yeye ni mke au mjane. Baba alipofika, kichwa kimefungwa bendeji, mama hakulia wala hakulaumu. Alimwambia, "Siku nyingine, nijue."

Baba akatafuta njia. Kila siku ya kazi, saa tano kamili asubuhi, alikata mawimbi mara mbili, sekunde moja moja. Mji mzima uliona chenga zikiruka mara mbili, ukasonya, ukaendelea na shughuli zake. Nyumbani kwetu mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya televisheni. "Haya, kanikonyeza," alisema, ndipo akala. Kabla ya hapo hata chai haikupita kooni.

Nilipokua niliajiriwa ukarani katika ofisi ya serikali inayogawa masafa ya redio, televisheni na simu. Siku moja kabatini nikakuta faili nene la malalamiko. Barua za miaka na miaka, zote za kilima kimoja: picha hukatika saa tano, mara mbili, kila siku. Kinyozi mmoja alikuwa ameandika mara kumi na moja, na ya mwisho aliiandika kwa wino mwekundu. Mainjinia walikwenda, wakapima, wakarudi, na kila lalamiko likafungwa kwa maneno yaleyale: Chanzo hakijulikani. Nilicheka peke yangu mpaka mkuu wangu akaniuliza kama ninaumwa. Nililirudisha faili kabatini, chini kabisa, nikaweka mengine juu yake.

Kisha serikali ikaamua kuyauza masafa yale. Televisheni zingehamia kwenye ving'amuzi, na nafasi itakayobaki hewani ingepigwa mnada ili kampuni za simu zisambazie intaneti. Nilipolileta jambo hili nyumbani, mama aliuliza kama tutayatandaza juu ya turubai kama mitumba.

"Hapana mama. Kila kampuni inafungiwa chumba chake na kompyuta. Inaandika bei, raundi baada ya raundi, mpaka wengine wachoke abaki mmoja."

"Na mnachouza ni masafa."

"Ndiyo."

"Masafa si ndiyo umbali?"

"Ndiyo, lakini haya ni mengine..."

"Hakuna mengine. Mkishauza umbali, baba yako atakuwa karibu. Uzeni."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Alipomaliza kukohoa alimtazama mama kwa muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta sukari.

King'amuzi nilichomnunulia mama kilibaki kwenye boksi lake. Alisema hakina adabu, hakikonyezi.

Mnada ukapita. Ikapangwa Ijumaa ya kuzima mtambo wa baba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika barua ya maelekezo. Kampuni iliyoshinda ilitaka kupima hewa siku ile bila kusumbuliwa, kwa hiyo nikaandika: "Mtambo usiguswe na mtu yeyote kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, utakapozimwa kutoka makao makuu." Niliisoma mara mbili, nikaipenda, nikagonga muhuri. Sikukumbuka kitu. Mtoto wa Mzee Chenga, tena mwenye faili zima kichwani, sikukumbuka kitu.

Ijumaa hiyo niliomba ruhusa nikakae na mama. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Siku hizi mama ana kisukari, na asubuhi ile alikuwa amekwisha kumeza dawa zake; dawa zile zinataka chakula juu yake, la sivyo sukari mwilini inashuka kupita kiasi. Chai na mkate vilikuwa mezani, vimefunikwa. Saa tano ikafika. Mtangazaji alikuwa anasoma bei za mahindi, akaendelea kuzisoma bila hata kutikisika.

Hapo ndipo ile barua ilinirudia, neno kwa neno.

"Saa yako inakimbia," mama alisema.

Saa tano na robo hakusema tena habari ya saa.

"Mama, ni mimi. Niliandika barua kwamba mtambo usiguswe. Baba ni mzima, amezuiwa tu."

"Baba yako ameanza lini kutii barua?"

Nilimletea mkate, akageuza uso. Saa sita mikono yake ilianza kutetemeka, na jasho likamtoka kwenye paji la uso ilhali kulikuwa na baridi. Nilipiga magoti mbele ya kigoda, mimi mtu mzima mwenye muhuri wa serikali, nikalia wazi. Nampenda mama yangu, na nilikuwa namuua kwa sentensi niliyoisifu mwenyewe. Alinitazama, akachukua kikombe cha maji ya sukari nilichokishika, akanywa.

"Hiki ni kwa ajili yako," alisema. "Si kwamba nimeamini."

Kila nusu saa nilimbembeleza kikombe kingine. Mkate hakuugusa. Saa nane picha ilikatika na chenga zikajaa, moja kwa moja safari hii. Nikataka kuzima, akanizuia mkono. Aliziangalia chenga zile mchana kutwa.

Giza lilikuwa linaanza kuingia baba aliposukuma mlango. Tope magotini, sanduku la vifaa begani. Alimwona mama kwenye kigoda, akaona sahani iliyofunikwa, akaniona mimi na macho yangu yaliyovimba. Alinyoosha mkono kwenye swichi ya taa ukutani. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha.

"Umechelewa," mama alisema. Aliinuka kwa kushika ukuta, akavuta kiti mezani, akafunua sahani, akaanza kula ule mkate mkavu, kwanza taratibu, halafu kwa njaa.

Baba alikaa kando yake na tope lake. "Injinia aliyetumwa na ofisi yenu alikaa mbele ya swichi kutwa nzima, barua mkononi," aliniambia. "Nimeisoma. Imeandikwa vizuri sana." Kisha akanipigapiga mgongoni, kwa sababu nilikuwa naanza kulia tena.

Jumatatu nililitoa lile faili chini ya mengine. Chaneli imezimwa, faili lake la malalamiko lazima lifungwe. Kwenye ukurasa wa mwisho, mahali pa chanzo, mtu alikuwa amekwisha kuandika "hakijulikani". Nikalikata neno hilo kwa rula, nikaandika juu yake: Kimehamia nyumbani.